Tuache Shati Jeupe, Tumtazame Le Roy

Timu za Hervé Renard zimecheza fainali mbili za Kombe la Mataifa ya Afrika, jumla ya dakika 240 ukihesabu na za nyongeza, bila kufungwa goli hata moja. Wala hazikufunga. Libreville mwaka 2012 Zambia ilitoka 0-0 na Ivory Coast, ikashinda kwa penalti 8-7. Bata mwaka 2015 Ivory Coast hiyohiyo, safari hii ikiwa mikononi mwake, ilitoka 0-0 na Ghana, ikashinda 9-8. Hakuna kocha mwingine aliyelichukua kombe hilo na nchi mbili tofauti. Mshambuliaji akisoma hesabu hizo atapiga miayo. Mimi nilicheza namba tano, na sijawahi kuona fainali tamu kuliko hizo mbili.

Nilicheza hapahapa Tanga, ligi ya mkoa, enzi ambazo Coastal Union na African Sports zilikuwa zikiugawa mji huu nusu kwa nusu. Sikufika mbali na simdai mtu. Mchana nauza vipuri vya pikipiki, jioni nafundisha watoto kwenye uwanja wa shule ya msingi. Nayasema haya ili msomaji ajue nazungumza nikiwa nimesimama wapi: si mchambuzi wa redioni, ni beki mstaafu mwenye filimbi. Na linalonikera ni kwamba kila Renard anapotajwa kijiweni, watu huanza na shati. Shati jeupe lililombana, nywele za dhahabu zinazogusa shingo, ngozi iliyoiva kwa jua. Wapo vijana wanaoapa kwamba lile shati lina kitu ndani yake. Hakuna anayeuliza mtu huyu alitoka wapi, wala nani alimshika mkono.

Alitoka kwenye mapipa ya taka. Alizaliwa Aix-les-Bains mwaka 1968, akalelewa kisoka na AS Cannes, klabu ileile iliyomkuza Zinédine Zidane. Alikuwa beki. Pale Cannes hakutamba, akashuka: Stade de Vallauris, kisha Draguignan, timu ambazo hata Wafaransa wengi hawazijui. Alitundika daluga mwaka 1998, mwaka uleule ambao Zidane alifunga mawili ya kichwa katika fainali ya Kombe la Dunia na sura yake ikamulikwa kwenye Arc de Triomphe mjini Paris. Renard yeye alikuwa akiamka kabla ya jogoo kwenda kusafisha majengo na kutoa taka, halafu jioni anakwenda kuifundisha Draguignan. Baadaye akafungua kampuni yake mwenyewe ya usafi.

Wahubiri wa mafanikio wanaipenda sana sehemu hii. Amka mapema, jitume, utafika. Mimi siipokei. Nikifungua duka asubuhi nakutana na kina mama wanaofagia barabara za mji huu tangu giza, wanajituma kuliko Renard alivyopata kujituma, na hakuna shirikisho lolote lililowapigia simu. Kilichomtoa Renard kwenye mapipa ni mtu, na mtu huyo anaitwa Claude Le Roy.

Le Roy alikuwa tayari mkubwa. Aliipa Kamerun kombe la Afrika mwaka 1988, na tangu hapo amefundisha nchi nyingi za bara hili hata kuzitaja kwa pumzi moja ni kazi. Watu wa pwani wenye ndugu Muscat wanamkumbuka kwa jambo jingine: ndiye aliyekuwa kocha Oman ilipochukua Kombe la Ghuba nyumbani kwake mwaka 2009, kwa penalti, baada ya 0-0 na Saudia. Mtu mwenye jina kama hilo angeweza kumchukua msaidizi yeyote amtakaye. Alimchukua msafisha majengo kutoka daraja la chini, akaenda naye Shanghai mwaka 2002. Mwaka 2004 akaenda naye Cambridge United, daraja la nne Uingereza, na alipoondoka akamwachia kiti.

Renard akaanguka pale, tena vibaya. Kabla mwaka haujaisha alishatimuliwa, timu ikiwa mkiani. Akapita Vietnam, akarudi Ufaransa kuifundisha Cherbourg, daraja la tatu. Kwetu hapa hadithi ingeishia hapo. Mtu angeshapewa jina la utani na watoto wangemwita hivyo njiani. Lakini Le Roy, alipokuwa na Ghana akijiandaa na mashindano ya 2008, alimwita tena. Ghana ikamaliza ya tatu. Miezi michache baadaye Zambia ikampa Renard timu ya taifa, na ukiuliza wakati ule alikuwa na sifa gani ya kuonyesha, ilikuwa moja tu: huyu alikaa pembeni ya Le Roy.

Hiyo Zambia naifahamu vizuri kuliko timu nyingine zote alizofundisha, kwa sababu ni jirani na wachezaji wake wanakuja kwetu. Mwaka 2010 ilifika robo fainali, ikatolewa na Nigeria kwa penalti. Renard akaondoka kwenda Angola, na Wazambia wengi walimwona msaliti. Angola hakudumu. Akaenda Algeria, USM Alger. Wakati huohuo Zambia ilikuwa na Dario Bonetti, Mwitaliano, beki mwenzangu na yeye, aliyewahi kuichezea Juventus. Bonetti akaifikisha timu kwenye fainali za 2012, na tiketi ikiwa mkononi, Oktoba 2011, akafukuzwa. Renard akarudishwa. Mkumbuke Bonetti, nitamrudia.

Kuhusu Libreville na ndege iliyoanguka baharini mwaka 1993 na kikosi cha Zambia, kila mwandishi ameshaandika, na wengi wameandika vizuri. Mimi niseme ya mabeki. Dakika za mwanzo za fainali Joseph Musonda, beki wa kushoto, aliumia na kutoka akilia. Mechi ikaenda. Didier Drogba akapiga penalti juu ya goli katika dakika za kawaida. Zikaja za nyongeza, yakaja matuta, wapigaji wakapita mmoja mmoja hadi zamu ikawafikia ambao huwa wanasali isiwafikie. Kolo Touré, beki wa Ivory Coast, akakosa. Gervinho akakosa. Aliyemaliza kazi ni Stoppila Sunzu, beki wa kati wa TP Mazembe. Mashabiki wa Simba wanamjua kaka yake, Felix, aliyewahi kuvaa nyekundu ya Msimbazi. Na wakati uwanja mzima ukimkimbilia Sunzu, Renard alikwenda benchi, akambeba Musonda mikononi kama mtu anavyombeba mtoto aliyelala, akamfikisha katikati ya wenzake waliokuwa wakishangilia.

Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Wengine wanaiona huruma. Mimi namwona mtu anayejua hasa beki wa pembeni anahesabiwaje siku ya sherehe.

Kuna msemo kwamba mabeki huwa makocha wazuri kwa kuwa wanauona uwanja wote mbele yao. Ingekuwa hivyo makipa ndio wangetawala, maana wao wanaona zaidi. Nadhani sababu ni nyingine, na si ya macho. Ni mdomo. Mshambuliaji anaweza kucheza miaka kumi bila kusema neno, mpira utamfuata. Beki wa kati asiyeongea ni hasara kwa timu. Kazi yake nusu ni kumwambia beki tatu arudi ndani, kiungo mkabaji asogee, kipa atoke, na kuwaambia watu wenye vipaji kuliko yeye, tena akiwa amechoka na mechi inamwendea kombo. Na beki wa daraja la chini ana ziada: hana jina la kumfanya asikilizwe. Lazima maneno yenyewe yawe na maana. Nimeliona hilo kwa watoto ninaowafundisha. Anayewapanga wenzake ni yule mfupi wa nyuma ambaye hakuna anayemsifia.

Hata hivyo Renard hakuwahi kufua dafu kwenye klabu za nyumbani kwao. Hili lazima lisemwe, maana wanaomtukuza huliruka. Alichukua Sochaux Oktoba 2013, ikashuka daraja Mei iliyofuata, siku ya mwisho, kwa kipigo cha 3-0 mbele ya Evian. Baada ya kuipa Ivory Coast kombe akapewa Lille, na Novemba ya mwaka huohuo 2015 alikuwa ameshaachishwa. Hata utetezi wake wa kombe na Zambia mwaka 2013 uliishia hatua ya makundi, sare tatu. Kwa maoni yangu yeye si kocha wa kujenga nyumba kwa miaka. Ni wa kuingia kwenye chumba chenye hofu na kuwapanga watu kwa siku ishirini na tano. Moroko aliirudisha Kombe la Dunia mwaka 2018 baada ya miaka ishirini nje. Alikuwa amewakuta watu wenye vipaji vingi wasiopangika.

Halafu ikaja Novemba 22, 2022, Lusail. Saudia dhidi ya Argentina ambayo haikuwa imefungwa katika mechi 36. Kocha mwenye akili za kawaida angeweka basi mbele ya goli na kuomba Mungu. Renard alifanya kinyume, akawapandisha mabeki hadi karibu na mstari wa katikati, akatega kuotea. Messi alishafunga penalti mapema. Kipindi cha kwanza Argentina ikaingiza mpira wavuni mara tatu zaidi na mara zote tatu kibendera kikapanda au video ikakataa. Ukiwa umecheza beki unajua mtego huo unahitaji nini. Mmoja akizubaa nusu hatua, wote mmekufa. Mapumziko aliwafokea vyumbani, kwa Kiingereza chake chenye Kifaransa ndani, mkalimani akikimbizana naye kwa Kiarabu: kama mnataka kumtazama tu Messi, chukueni simu mpige naye picha. Ndani ya dakika kumi za kipindi cha pili Saleh Al-Shehri na Salem Al-Dawsari walikuwa wamefunga. 2-1. Argentina ikaja kuwa bingwa wa dunia, na Saudia ikafungwa mechi mbili zilizofuata na kurudi nyumbani, jambo ambalo pia ni la Renard kabisa.

Baada ya hapo aliifundisha timu ya wanawake ya Ufaransa, ikatolewa robo fainali Kombe la Dunia 2023 kwa penalti na robo fainali tena Olimpiki ya Paris, akarudi Saudia. Oktoba 2025 alikata tiketi ya Kombe la Dunia la 2026 mjini Jeddah. Matokeo ya siku hiyo dhidi ya Iraq? 0-0.

Sasa nirudi kwa Le Roy, maana huko ndiko nilikokuwa nakwenda. Sisi Tanzania tumeajiri makocha wa kigeni mfululizo, klabu kubwa karibu kila msimu. Wanashuka uwanja wa ndege, wanavishwa skafu, wanapigwa picha, wanashinda au wanashindwa, wanaondoka. Sipingi kuja kwao. Patrick Aussems, Mbelgiji, naye beki wa zamani aliyezunguka dunia, aliifikisha Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa msimu wa 2018/19 huku akiwa ameshapigwa 5-0 Kinshasa na 5-0 Misri, na bado nyumbani akamfunga Al Ahly 1-0 na AS Vita 2-1. Yule mzee alitufundisha kitu kuhusu kuanguka na kuinuka. Swali langu ni jingine: kati ya wote waliokuja, nani ameondoka na Mtanzania?

Mtazame Selemani Matola. Mwisho wa 2019 aliingia benchi la Simba kama msaidizi. Amekaa na Sven Vandenbroeck, Didier Gomes, Pablo Franco, Robertinho, Abdelhak Benchikha, Fadlu Davids. Shule gani inatoa walimu tofauti kiasi hicho? Mbelgiji, Mfaransa, Mhispania, Mbrazili, Mualgeria, Msauzi. Davids alipokwenda Raja Casablanca mwaka 2025 aliondoka na watu wake. Matola alibaki. Amebaki kila mara, kama mali ya klabu, kama magoli na nyavu. Sisemi hapendi kubaki; hilo ni lake. Nasema hakuna aliyewahi kumwandikia tiketi.

Mtazame Juma Mgunda, mtu wetu wa Tanga. Septemba 2022 Simba ilimtoa Coastal Union kwa haraka baada ya Zoran Maki kuondoka. Akawatoa Nyasa Big Bullets, akawatoa Primeiro de Agosto nje ndani, akaiingiza timu kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari akaletwa Robertinho kuwa mkubwa wake. Hapa mjini tulinuna wiki nzima, na wauza samaki wa Deep Sea walikuwa na lugha ambayo mhariri hawezi kuipitisha.

Na Hemed Suleiman. Januari 2024, katikati ya fainali za Afrika, kocha mkuu Adel Amrouche akafungiwa, na Hemed, msaidizi, akaachiwa Taifa Stars mkononi. Sare na Zambia, sare na Congo. Novemba mwaka huo akaifunga Guinea 1-0 pale kwa Mkapa, goli la Simon Msuva, tukafuzu fainali za 2025. Agosto 2025 akatufikisha robo fainali ya CHAN kwenye ardhi yetu. Novemba, fainali zikiwa zimebakiza chini ya miezi miwili, akawekwa kando na timu akapewa Miguel Gamondi. Nilisema mumkumbuke Bonetti.

Msomaji mkali ataniuliza: si Gamondi aliwafikisha 16 bora kwa mara ya kwanza? Kweli. Na Renard baada ya Bonetti alichukua kombe. Sidai kwamba uamuzi ule ulikuwa mbovu uwanjani. Ninachouliza ni Hemed anakwenda kwa nani siku ile. Renard alipotupwa nje ya Cambridge kulikuwa na mtu mmoja duniani mwenye jina kubwa aliyeamini bado kuna kocha ndani yake. Hemed ana TFF, ambayo ndiyo imemweka kando.

Nililisema hili dukani, na mzee mmoja mteja wangu, shabiki wa Yanga wa kufa mtu, akanikatiza: "Bwana mdogo, unawaonea wazungu. Wasaidizi wetu wenyewe hawataki kutoka. Mpeleke Vietnam uone kama atakaa wiki." Ana hoja, na ni hoja inayouma. Renard alikubali daraja la nne Uingereza, akakubali Vietnam, akakubali Cherbourg. Je, mchezaji wetu wa zamani wa Yanga au Simba atakubali kwenda kuifundisha timu ya Comoro isiyo na basi? Wachache. Tumezoea kwamba ukiwa na jina Dar es Salaam huna sababu ya kuwa mtu asiyejulikana Moroni. Lugha nayo ni kikwazo, ingawa kikwazo hicho tunakikuza. Kiingereza cha Renard hakingempa alama nzuri kidato cha nne.

Lakini hata huyo aliye tayari kwenda hawezi kwenda peke yake. Mlango wa ukocha wa kimataifa haufunguliwi kwa barua ya maombi. Unafunguliwa na mtu aliye ndani akisema huyu yuko nami. Walid Regragui, beki wa kulia aliyezaliwa Ufaransa, alikuwa msaidizi wa timu ya taifa ya Moroko tangu 2012. Akapewa FUS Rabat, akaenda Qatar akachukua ubingwa na Al-Duhail, akarudi akachukua Ligi ya Mabingwa na Wydad, na mwaka 2022 akaifikisha Moroko nusu fainali ya Kombe la Dunia. Hakuokotwa njiani. Kuna watu walimpangia ngazi, wakamruhusu kupanda, na alipotoka nje hawakumhesabu amepotea.

Kwa hiyo nina ombi dogo kwa wanaoandika mikataba, Msimbazi, Jangwani na kwenye ofisi za shirikisho. Kocha wa kigeni akija na wasaidizi wanne wake, wa tano awe Mtanzania, na mkataba useme kazi yake ni nini hasa, kwa maandishi. Si kupanga koni na kutafsiri matusi. Awe na mazoezi anayoyaongoza yeye, awe na mechi za kombe anazozisimamia yeye, na ripoti yake isomwe. Kisha kiwekwe kipengele cha pesa: mgeni akiondoka na yule Mtanzania kwenda naye Rabat au Johannesburg, klabu isidai fidia hata shilingi moja, bali yenyewe imlipie nauli na miezi mitatu ya mwanzo. Viongozi watasema huko ni kupoteza mtu. Wazambia walimpoteza Renard kwa Angola mwaka 2010, wakamrudisha 2011 akiwa ameshapikwa Luanda na Algiers.

Na waandishi wenzangu, ninyi wa magazeti makubwa mnaokaa mstari wa mbele siku ya kumtambulisha kocha mpya: acheni kumuuliza anapenda mfumo gani. Wote hujibu wanapenda kushambulia. Muulizeni jina la Mtanzania atakayekaa kulia kwake, kisha muulizeni kama mtu huyo ana pasi ya kusafiria.